Jumamosi za Mto Kithundu

Kyondo, Jumapili, 9 Februari 2025

Mpwa wangu Jolly,

Nakusalimu kutoka mlimani, ambako wazee bado tunamtangulia jogoo kuamka. Mama yako Ronah hajambo, ila goti lake la kushoto limekataa kuteremka sokoni, na kwa kuwa ulimi wake haujakataa kitu, tunasikia habari za goti hilo kutwa nzima. Kahawa imetoa maua mapema. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha, na mmoja ana macho ya kiburi kama yako ulipopata kazi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu maalumu. Kwenye simu ninyi vijana husema "sawa, sawa," kisha mtandao unapotea pale pale unapowafaa upotee. Karatasi haipotezi mtandao. Shafik, yule kijana wa lori la Bwera, ataifikisha hadi mlango wa ofisi yako huko Kampala. Ni kijana wa watu, hana kosa.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne watu wa kampuni ya umeme walikuja Muhokya, wakatukalisha chini ya turubai, wakatusomea mpango wa miaka ishirini wa umeme wa upande wetu. Msomaji alikuwa na viatu vyenye ncha kali na maneno butu. Alisema kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni mtambo wa gesi asilia pale Muhokya, na gesi yenyewe itabebwa kwa malori ya matangi kutoka nje ya nchi. Ya pili ni kituo kidogo cha umeme wa maji kwenye mto wetu Kithundu, kikisaidiwa na paneli za jua kule bondeni. Njia ya pili, akasema, "imeondolewa kwa sababu za kitaalamu." Nikauliza sababu gani. Alinipa kitabu kama mtu anavyompa mtoto kitu cha kuchezea ili anyamaze.

Ukurasa wa arobaini na moja una jedwali. Linasema mto Kithundu hukauka mara nyingi kila mwaka. Maji: sifuri.

Nimelisoma mara tatu. Unajua mimi ni nani kwa mto huo. Tangu mwaka 1997 hadi 2022 nilishuka darajani kila asubuhi saa moja, nikasoma ubao wa kupimia maji, nikaandika kina kwa sentimita katika kitabu cha ofisi ya maji. Nimeusoma mto huo ukiwa na thelathini na nane wakati wa kiangazi kikali, na mia mbili arobaini wakati wa mafuriko. Sifuri sijawahi kuiona, wala babu yangu hakuwahi kuisimulia. Lakini jedwali linasema chanzo chake ni "vitabu vya E. Kule," yaani vyangu. Na mwisho wa kitabu, katika orodha ya walioandaa, kwa herufi ndogo kama chawa, nimeona jina lako: J. Musoki.

Basi nakuuliza. Nani aliyekunywa mto wangu?

Maoni ya wananchi yanapokelewa hadi tarehe 30 Juni. Baada ya hapo mto unafutwa katika orodha kwa miaka ishirini. Mimi nina sabini na mitatu, kwa hiyo kwangu miaka ishirini ni jina jingine la milele. Mama yako ataendelea kulimulika goti lake kwa tochi.

Mjomba wako,
Ezironi Kule


Kampala, Jumatatu, 3 Machi 2025

Mjomba,

Pokea heshima zangu, na unifikishie kwa Mama. Mwambie nimemtumia dawa ya kuchua goti, asiinywe kama ile ya kwanza. Huku joto ni kali na kazi ni nyingi.

Nimesoma barua yako. Nitajibu kwa kifupi, kwa sababu umeme haupangwi kwa kumbukumbu za babu.

Saa moja jioni, Mjomba, watu wote wanarudi nyumbani. Wanawasha taa, pasi, redio, na mashine ya kunyolea pale kituoni inaanza kulia. Saa hiyo jua limekwenda kulala. Anayepanga umeme lazima awe na kitu anachoweza kukiita kikaja. Gesi inakuja kwa dakika chache. Ni safi kuliko dizeli na kuni, nayo ni daraja la kutufikisha kwenye umeme wa jua siku betri zitakapokuwa rahisi. Mto hauji ukiitwa. Na ukija bila kuitwa, unakuja na mawe makubwa kama nyumba. Nani atazoa mawe hayo kwenye mlango wa mfereji wa mtambo? Wewe?

Kuhusu jedwali, takwimu ni zako mwenyewe. Kwa wastani mto hauna maji siku hamsini na mbili kwa mwaka. Benki haiwezi kukopesha kituo ambacho mto wake unatoroka siku hamsini na mbili. Hakuna aliyeunywa. Tumeusoma tu jinsi ulivyouandika.

Sina la kuongeza.

Mpwa wako,
Jolly


Kyondo, Jumapili, 16 Machi 2025

Mpwa wangu msomi,

Dawa imefika. Mama yako ameinusa, akasema ya kunywa ilikuwa bora. Mvua zimeanza, na tumepanda maharage kwenye kile kipande cha juu.

Siku hamsini na mbili. Nilipoisoma namba hiyo nilicheka mpaka mama yako akaja kuuliza nani amekufa.

Tulia nikufundishe, maana naona ada ya chuo ilikwenda bure. Mwaka una wiki ngapi? Kila wiki ina Sabato ngapi? Siku ya Sabato sikushuka mtoni. Sijafanya kazi siku hiyo tangu nibatizwe, na sikuandika kitu mahali ambapo sikuona kitu. Niliacha nafasi wazi. Nafasi wazi katika kitabu cha mto maana yake ni moja: hapa hakuna mtu aliyetazama. Sifuri maana yake ni nyingine kabisa: hapa mtu ametazama, na mto haupo. Kati ya maneno hayo mawili kuna umbali kama wa kutoka hapa hadi Maka. Wataalamu wenu wameuruka kwa kidole kimoja, kisha wakajenga mtambo wa gesi juu yake.

Ati mto unaotoroka. Mto unaotoroka kila Jumamosi na kurudi kila Jumapili asubuhi, miaka ishirini na sita, pasipo kukosea hata wiki moja. Hivi katika jengo lenu lote la vioo hakuna aliyejiuliza ni mto wa dini gani huo?

Bosi wako simlaumu, yeye hajui tunakoabudu. Lakini wewe ulikaa kwenye kiti cha mbele cha shule ya Sabato miaka kumi na miwili, na soksi nyeupe. Wewe ulipitaje hapo?

Unasema gesi ni daraja. Sisi watu wa Kasese tunayajua madaraja. Tumeyaona yakijengwa kwa hotuba na yakichukuliwa na maji bila hotuba. Daraja lenu litakula gesi kila siku ya uhai wake, na kila bei ya huko nje itakapopanda, mchuuzi wa nyanya wa Mubuku atalipia kupanda huko kwenye taa yake. Njiani gesi nyingine itavuja, na ikivuja inachemsha hewa kuliko moshi wa dizeli mnaoucheka. Lori likikwama mpakani, mtambo unasubiri kama mjane. Mto hausubiri karatasi ya forodha.

Jioni unayoniogopesha nayo naijua pia. Bwawa dogo la kuweka maji ya mchana yatumike jioni si uchawi. Na huku kwetu mto unapopungua, Januari na Julai, ndipo mbingu zinapokuwa wazi na jua likachoma. Hivi viwili vimekwisha gawana mwaka kabla kampuni yenu haijazaliwa. Kuhusu mawe, nakubali, mawe yapo. Mawe huzolewa. Deni la gesi halizoleki.

Futa sifuri zangu.

Mjomba wako,
Ezironi


Kampala, Jumanne, 20 Mei 2025

Mjomba,

Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili. Nilikuwa na safari za kikazi. Nashukuru kwa maharage, yamefika na nusu yake imeliwa na jirani.

Barua yako ilinifikia mapema. Nilimpelekea bosi hoja ya Sabato. Alicheka sana, kisha akaacha kucheka, akaniambia sifuri zifutwe. Zimefutwa. Sasa usishangilie.

Masharti ya benki yanasema siku zisizopimwa zisizidi moja ya kumi. Siku moja katika kila saba ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo mto wako umetoka kwenye kundi la mito inayokauka na kuingia kwenye kundi la mito isiyojulikana, na huko ni kubaya zaidi. Mto unaokauka hupewa angalau jedwali. Usiojulikana haupewi hata mstari.

Bosi ameahidi jambo moja, mbele yangu na kwa maandishi. Zikipatikana namba za Jumamosi, zilizopimwa na mtu aliyetumwa na ofisi ya maji, zikanakiliwa kwenye vitabu vyako vya kituo vyenye muhuri na daftari la asili likaambatanishwa, mto utarudishwa kwenye orodha na kupimwa na gesi kwa mizani moja. Mwisho ni 30 Juni. Aliahidi kwa urahisi kwa sababu anaamini namba hizo hazipo.

Nilimpigia Mama simu. Anasema zipo. Anasema tangu 2001 ofisi ya maji ilimtuma Abdunoor wa Bwera apime kila Jumamosi kwa sababu wewe ulikataa, na kwamba Shafik ni mwanawe. Umeandika kurasa nne kuhusu ujinga wa wengine, Mjomba. Jina hili halikupata hata mstari.

Jolly


Kyondo, Jumapili, 25 Mei 2025

Jolly,

Mama yako hajambo. Anazungumza kupita kiasi.

Mtu unayemtaja ni dereva wa lori. Alikuwa anasimama darajani injini ikiunguruma, anatoa kichwa dirishani, anasoma ubao kama mtu anayesoma bei ya samaki. Mimi nilifundishwa kupima mito na wahandisi, wiki sita, na cheti ninacho ukutani.

Kisha liko jambo la imani, ambalo sitarajii ulielewe tena. Amri hainikatazi mimi peke yangu kufanya kazi Sabato. Inamtaja hata mgeni aliye langoni mwangu. Nikipokea kazi aliyonifanyia Jumamosi na kuiandika kitabuni mwangu, tofauti yake na kuifanya mwenyewe ni ipi? Niliwaambia hivyo ofisini. Wakamtuma hata hivyo, wakamwagiza aniletee namba kila Jumapili. Sikuzipokea.

Nawe hujajibu swali langu la Machi.

Ezironi


Kampala, Jumanne, 10 Juni 2025

Mjomba,

Wasalimie wote. Sina habari za kufurahisha, kwa hiyo sitazipamba.

Sifuri niliziweka mimi. Kompyuta haikukubali nafasi wazi. Ilitaka kila siku iwe na namba. Tangu nakala ya kitabu cha kwanza nilijua kwamba ni Sabato. Hata sikuhitaji kalenda. Ofisini walikuwa tayari wananiita "Mlimani," na wakinipisha mlangoni walikuwa wananiuliza kama nimekuja na jembe. Sikutaka kusimama mbele ya watu kumi na wawili na kueleza kwamba mto wetu hauna Jumamosi kwa sababu mjomba wangu yuko kanisani. Nikabonyeza sifuri. Kuanzia ya ishirini vidole vilizoea.

Swali lako nimelijibu. Sasa langu. Mama anasema Abdunoor alikuletea namba kwenye karatasi kila Jumapili, na kwamba hukuzikataa kama unavyosema. Anasema ulizipokea na kuwashia moto wa chai.

Zimebaki siku ishirini. Mimi niliuua mto kwa aibu. Wewe uliuua kwa nini?

Jolly


Bwera, Jumapili, 29 Juni 2025

Mpwa wangu Jolly,

Nakuandikia nikiwa mezani kwa watu, kwa hiyo usitafute habari za mbuzi. Mama yako alinifungia viazi vya njiani, akaniambia nisirudi bila jibu.

Barua yako niliiweka ndani ya kitabu cha mwaka 2001 kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa naandaa majibu. Yalikuwa mazuri, lakini hakuna hata moja lililokuwa jibu. Alhamisi nikapakia vitabu vyote ishirini na sita kwenye magunia mawili, nikashuka Bwera.

Hamidah, mke wa Abdunoor, alinifungulia. Abdunoor mwenyewe alikuwa amekaa uani, mguu juu ya kigoda, anachambua maharage. Amezeeka. Hakuinuka.

"Mutu ya Sabato," akasema. "Leo si Jumamosi. Umepoteza siku?"

"Nimekuja kwa ajili ya namba."

"Namba gani? Zile nilikuletea miaka ishirini na moja, wewe ukakokea moto?"

"Hizo."

"Chai ilipata moto muzuri?"

"Baba Shafik," Hamidah akasema, "mwache mzee akae kwanza."

"Huyu hakai kwa dereva. Muulize."

Nilikaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushusha magunia.

Nikamwambia kila kitu, gesi, sifuri, benki na tarehe. Alisikiliza huku akitupa maharage mabovu kwa kuku. Nilipofika kwenye mto unaotoroka kila Jumamosi, alicheka mpaka mguu ukaanguka kutoka kigodani.

"Basi mwalimu, hawa watu ya Kampala walikufuata weye tu," akasema. "Weye ulisema Jumamosi yangu iko bure. Nao waliandika bure. Wana kosa gani?"

Nilitoa kitabu cha mwaka 2001 kwenye gunia, nikakiweka mbele yake.

Akaingia ndani, akatoka na madaftari sita yaliyofungwa kwa mpira wa tairi. Ni madaftari ya safari zake. Upande wa kushoto kuna mizigo na miji. Upande wa kulia, kila Jumamosi, kuna saa, sentimita, na hali ya hewa. Yana harufu ya dizeli. Kumbe karatasi nilizochoma zilikuwa nakala.

"Nilikuwa nashuka mpaka kwa ubao," akasema. "Lori nilikuwa naiacha inawaka kwa sababu betri ilikuwa mbovu. Weye ulikuwa unatazama kutoka dirisha ya kanisa, uliona lori. Mimi hukuona."

Nilifungua vitabu vyangu kando ya vyake. Nitakuambia ukweli, nilikuwa natafuta kosa lake. Ijumaa, 14 Machi 2008, mimi: sitini na mbili. Jumamosi, yeye: sitini na moja. Jumapili, mimi: sitini na moja. Nikaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, na mto ulitoka mkononi mwangu ukaingia wake ukarudi kwangu bila kumwagika. Mwishowe nikampata. Jumamosi moja ameandika mia moja kumi na nane, na mimi siku za pande zote mbili nina themanini na moja na themanini.

"Hapa ulikosea," nikamwambia, kwa furaha ambayo naona aibu kuiandika.

Hakutazama hata. "Mvua ilinyesha juu usiku. Asubuhi mto ikapanda, jioni ikashuka. Muulize dada yako. Ilibeba mbuzi yake."

Namkumbuka yule mbuzi. Tulimwombea kanisani asubuhi ile. Nilikuwa kwenye magoti naomba kwa ajili ya mafuriko ambayo kitabu changu kinasema hayakutokea.

Swali lako la mwisho nalijibu hapa, kisha tusilirudie. Imani ilinikataza kushuka mtoni. Haikunikataza kupokea karatasi mkononi mwa jirani Jumapili asubuhi. Hayo niliyaongeza mwenyewe, nikayavika nguo ya kanisa. Nilikuwa na cheti, naye hakuwa nacho.

Abdunoor alitoa sharti moja, kwamba nizinakili mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye zile nafasi wazi. Nilianza Alhamisi mchana. Ijumaa saa sita alikwenda msikitini, aliporudi aliniletea chapati akanikuta mwaka 2014. Aliniambia mwandiko wangu unakwenda polepole kama lori lake kwenye mlima wa Kyondo. Jua lilipoanza kuzama, Sabato ikiingia, nilikuwa nimefika mwisho wa 2018. Zilibaki Jumamosi za miaka minne, usiku macho yangu hayasomi, na Shafik alikuwa anaondoka Jumapili asubuhi. Hesabu nilikuwa naijua. Abdunoor naye alikuwa anaijua.

Nilifunga miwani yangu. Nilikwenda kulala kwa ndugu wa kanisa letu hapa Bwera, na jana nimekaa ibadani mpaka jioni, wala sikusikia hubiri hata neno.

Leo alfajiri nimerudi. Vitabu vyote vimejaa.

Shafik amekwisha washa injini, kwa hiyo sikiliza kwa makini. Ndani ya magunia kuna vitabu ishirini na sita na madaftari sita. Jumamosi kumi na moja Abdunoor ameziacha wazi, siku ambazo lori lilikuwa bovu au yeye alikuwa mgonjwa. Zile za kabla ya 2001 pia ziko wazi. Zote hizo zikijumlishwa hazifiki hata nusu ya ile moja ya kumi yao. Usizitie sifuri. Mpe bosi wako mkononi kesho, mbele ya wale kumi na wawili, na wakikuuliza kwa nini vitabu vya mto vina mapengo ya Jumamosi, waambie ulikotoka. Kisha aupime mto na gesi yake kwa mizani aliyoiahidi. Naidharau gesi yake vile vile kama mwezi wa pili, ila sasa naidharau kwa namba kamili.

Kuanzia Januari 2019 utaona mwandiko wa Jumamosi umebadilika. Ni mkubwa, umelala upande wa kulia, na wino wake ni ule ule wangu. Usiunyooshe. Sikumwomba Abdunoor aandike. Lakini Ijumaa ile nilipoondoka, niliacha kitabu wazi mezani, na kalamu juu yake.

Mjomba wako,
Ezironi